Mstari Uliopita Sifuri

Mimi hasira zangu ziko karibu. Sifichi. Mume wangu anajua, wanangu wanajua, hata kanisani Kiogoro wanajua, ndiyo maana waliponipa ushemasi waliniweka jikoni na si mlangoni kupokea wageni. Lakini kazini hasira yangu ilikuwa inaheshimiwa, kwa sababu kwa miaka kumi na sita sikuwa nimewahi kukosea kipimo. Hivyo ndivyo nilivyoamini mpaka ile Alhamisi.

Naitwa Bathsheba Nyanchoka. Kazi yangu ni kupima. Pale Mosocho, nyuma ya soko, iko karakana ya Mzee Machogu inayotengeneza filta za redio, vile visanduku vya shaba vinavyofungwa kwenye milingoti ili wimbi moja lipite na mengine yarudi yalikotoka. Lewis Nyabuto ndiye aliyekuwa akivichonga. Mimi navipima kwa mashine inayoitwa analaiza, nikiridhika nagonga muhuri. Bila muhuri wangu kisanduku hakitoki pale mlangoni, hata Mzee mwenyewe akilia.

Basi wiki ile filta kumi na mbili za milingoti ya Nyamira zikakataa. Zote! Filta nzuri ikipewa wimbi lake hulipitisha na kurudisha kidogo tu, karibu na bure. Hizi zilikuwa zinarudisha kupita kiasi. Jumapili asubuhi nikamwita Lewis, nikamwonyesha kwenye kioo cha mashine, nikamwambia achukue tupa aongeze nafasi pale wimbi linapoingilia.

Alikuna kichwa. "Madam, mimi naona hizi ziko sawa. Si tuangalie mashine kwanza?"

Ala! Nilimchemkia vibaya. "Mashine? Hiyo mashine nimeifanyia kalibresheni mimi mwenyewe, Ijumaa, kwa mikono hii. Wewe ulikuwa shule ya msingi wakati mimi naanza kazi hii. Chukua tupa!"

Akachukua tupa. Siku tatu alichonga, na kila alipoleta moja nikaipima, ilikuwa imezidi kuharibika. Shaba si unga useme utaongeza, ukishaikwangua imeenda. Alipofika ya tisa nikamwambia aache. Jumatano jioni nikaandika ripoti: kazi ya kizembe, fundi hasikii maelekezo. Nikatia saini na kugonga muhuri, na usiku ule nililala vizuri sana, Mungu anisamehe.

Mzee Machogu alisoma ile ripoti akakata shauri. Alhamisi saa kumi, Injinia Nyasani wa kampuni iliyoagiza filta angekuja na mashine yake mwenyewe kuhakikisha. Hapo hapo Lewis angepewa barua ya kufutwa kazi kwa uzembe. Linda wa ofisini alikuwa ameshaichapa. Sasa, kazi yetu hii watu wake ni wachache, tunajuana wote kutoka hapa mpaka Kisumu. Fundi akitoka na barua ya uzembe hakuna karakana itakayomwambia karibu. Lewis ana miaka ishirini na sita. Mama yake, Jacinta, amemsomesha kwa kuchuma chai kule Nyamira, na hajawahi kupanda cheo chochote isipokuwa kuitwa mama ya fundi.

Alhamisi saa saba mchana Mzee alichungulia mlangoni kwangu, akaniita kwa jina la mwanangu kama kawaida yake. "Mama Duke, nichapie zile grafu. Lakini uchape pana pana, injinia asije akasema tunaficha kitu."

Kwa kawaida sisi huchapa katikati tu, pale wimbi linapopita, kwa sababu ndipo penye kazi. Kando kando hakuna anayeangalia. Nikaipanua, nikaweka ile filta ya kwanza, nikabonyeza. Karatasi ikatoka. Nikaichukua nipige pini, jicho likaangukia pembeni.

Nieleze kidogo, msichoke. Juu ya ile grafu kuna mstari wa sifuri. Sifuri maana yake kila ulichopeleka kimerudi chote. Chini ya sifuri, kimepungua. Juu ya sifuri hakutakiwi kuwa na kitu, kwa sababu filta ni shaba tu, haina betri wala waya wa stima. Haiwezi kukurudishia zaidi ya ulichoipa. Na pale pembeni ya karatasi yangu, mstari ulikuwa umepanda juu ya sifuri, ukashuka, ukapanda tena.

Nikachapa ya pili. Ikapanda. Ya tatu, vilevile. Nikajiambia ni kebo. Kebo hizi ukizikunja vibaya zinakudanganya, kila mpimaji anajua. Nikaishika nikaitikisa huku naangalia kioo. Mstari haukusogea hata kidogo. Basi uchafu. Nikachukua lenzi na spiriti na vile vijiti vya pamba, nikasafisha kila mdomo wa kuungia, nikaangalia pini moja moja. Safi. Nje mvua ya Kisii ilikuwa imeanza kupiga mabati, ile ya kila mchana, na saa ya ukutani inasema saa nane kasoro.

Ikabaki kitu kimoja. Kalibresheni yangu.

Kalibresheni ni kuifundisha mashine. Unaipa vifuniko vitatu vidogo ambavyo tabia zake zinajulikana. Cha kwanza, shoti, kinarudisha kila kitu kwa kukigeuza. Cha pili, openi, nacho kinarudisha kila kitu lakini bila kugeuza. Cha tatu, lodi, kinameza kila kitu, hakirudishi chochote. Mashine ikishavionja vitatu hivyo inajua kurudi kote ni kupi na kutorudi kabisa ni kupi, na vingine vyote inavipima kwa kulinganisha.

Nikafunga shoti. Mstari ukalala kwenye sifuri yenyewe, umenyooka. Nikafunga openi. Vilevile. "Umeona?" nikasema kwa sauti, peke yangu mle ndani. "Umeona, Bathsheba? Huna makosa." Lakini nilijua ninachofanya. Nilikuwa nauliza mashine maswali yale yale niliyoifundishia majibu. Lazima ijibu vizuri. Hata ungeifundisha uongo, ukiiuliza uongo huohuo itakupa alama zote.

Nikachukua lodi. Nikaifunga, nikachukua ile spana yetu maalumu inayotoa mlio wa "ka!" ikifika mkazo unaotakiwa. Ka! Mstari ulitakiwa kudidimia chini kabisa ya kioo, usionekane. Ukasimama juu juu, pale minus kumi na sita. Mashine ilikuwa inaniambia kwamba kifuniko kinachomeza kila kitu kinarudisha wimbi.

Hapo nikafanya kitu ambacho sijui nilikitoa wapi. Nikaishika ile lodi kwa vidole nikailegeza. Robo mzunguko tu.

Mstari ukaporomoka mpaka chini.

Nyasae! Nililiita jina la Mungu kwa Kigusii, kama ninavyoliita nikiungua mkono. Nikakaa kwenye stuli. Maana yake ilikuwa wazi kabisa. Mashine ilifundishwa kwa lodi iliyolegea. Kwa siku sita ilikuwa inaamini kwamba kulegea ndiko sawa, na kila kilichokazwa vizuri ikakiona kibovu. Na aliyeifundisha ni nani? Si Lewis. Lewis haruhusiwi hata kuigusa.

Nikaikumbuka Ijumaa. Sisi karakana yetu yote ni Wasabato. Ijumaa ni maandalizi: vyombo vinaoshwa, meza zinafutwa, na mimi naiandaa mashine ili Jumapili tukifungua kazi ianze mara moja, na kalibresheni hiyo ndiyo tunayoitumia wiki nzima. Hakuna kitabu kinachosema hivyo. Ni mazoea yetu tu, na nilikuwa nikiyasifu kwa watu. Ijumaa ile wateja walinichelewesha. Saa kumi na mbili na dakika kumi nilikuwa bado, jua linakwenda, wa boda boda anapiga honi nje anipeleke Kiogoro kabla Sabato haijaingia. Mimi shemasi! Watu wanione nikiingia nyumbani gizani na mikoba ya kazi? Shoti nikakaza kwa spana. Openi nikakaza kwa spana. Spana ikaniponyoka ikaanguka chini ya meza, na lodi nikaifunga kwa vidole. Nikaangalia kioo kabla sijaifungua, nikaona mstari uko chini kabisa, nikasema mambo mazuri. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeuliza uongo, ukanijibu.

Basi nikafanya upya, nikasikia "ka!" mara tatu. Kisha nikaenda kwenye rafu ya Lewis nikachukua zile filta tatu ambazo hakuwahi kuzigusa kwa tupa. Ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu ikapita vizuri kuliko filta yoyote niliyopima mwaka huu. Niliruka kutoka kwenye stuli. Furaha, nakwambieni! Nilifika mlangoni nimwite. Alikuwa kwenye benchi la barazani, mkoba wake mapajani, amevaa shati la kanisani. Amekuja kufukuzwa na shati la kanisani. Hakuniona, alikuwa anaangalia mvua.

Halafu nikakumbuka zile tisa.

Nikarudi ndani nikafunga mlango. Nikapima ya kwanza kati ya zile alizochonga, kwa mashine inayosema kweli sasa. Ikakataa. Ya pili ikakataa. Nilizipima zote tisa, moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja iliyopita. Zilikuwa nzuri Jumapili asubuhi, na sasa zilikuwa mbovu kweli kweli, mbovu mbele ya mashine yoyote duniani, kwa sababu nilimwamuru kijana wa watu akwangue shaba nzuri mpaka ifanane na uongo wangu.

Niseme ukweli wote, maana nusu nimeshasema. Wazo lilinijia. Injinia anakuja na mashine yake. Atapima. Atakuta tisa mbovu. Vipimo vyake na ripoti yangu vitakubaliana. Zile tatu naweza kusema Lewis alibahatisha. Kalibresheni ya Ijumaa imehifadhiwa ndani ya mashine na tarehe na saa yake, lakini kuifuta ni kubonyeza kitufe kimoja. Hakuna binadamu atakayejua. Nikaweka kidole juu ya kile kitufe. Sikubonyeza, lakini pia sikukitoa kidole, na sijui nilikaa hivyo muda gani.

Gari la injinia likapiga honi getini. Nikatoa kidole. Lakini msinisifu, sikuwa nimeamua lolote.

Injinia Nyasani ni mtu mrefu, mpole, anayefuta viatu vyake hata pale pasipo na zulia. Alisalimia, akaweka mashine yake ndogo mezani, akakaza lodi yake kwa spana yake. Ile "ka!" yake niliisikia mpaka kwenye meno. Mzee Machogu alisimama kando na bahasha mkononi. Lewis akaitwa, akasimama karibu na mlango.

Injinia akapima zile tisa zilizokuwa mezani. Alikuwa akipima anatikisa kichwa. Mwisho akageuka kwangu. "Madam, hizi kweli haziwezi kupanda mlingoti. Ripoti yako iko sawa."

"Mama Duke hakosei," Mzee akasema, na nikaona anavyojivuna kwa ajili yangu. Akanyoosha bahasha. "Lewis, kijana wangu, nimekuvumilia miaka minne. Soma, halafu utie saini hapa kwamba umepokea."

Lewis hakusoma. Alichukua kalamu, akaitafuta ile nafasi ya saini, akainama. Hakubisha hata neno moja. Hilo ndilo lililonishinda. Kama angebisha, kwa hasira yangu hii ninavyoijua, huenda ningembishia, na mpaka leo ningekuwa nimenyamaza.

"Mzee, ngoja," nikasema.

"Kuna nini?"

"Asitie saini. Mwenye makosa ni mimi."

Mvua ilikuwa kubwa, akadhani amesikia vibaya. Nikarudia kwa sauti. Kisha sikungoja kuulizwa, maana ningengojea ningeogopa. Nikairudisha ile kalibresheni ya Ijumaa kwenye kioo, nikafunga lodi, ka!, nikawaonyesha mstari umesimama pale usipotakiwa. Nikailegeza, ukaanguka. Injinia akasogea, akainama, akanifanya nirudie mara ya pili. Sikuhitaji kumweleza, niliona uso wake umebadilika. Nikatoa zile filta tatu kwenye rafu nikamwekea mbele. Akazipima kwa mashine yake mwenyewe, polepole. Zote tatu zikapita.

"Kwa hiyo hizi tisa..." Injinia akaanza.

"Zilikuwa hivyo hivyo kama hizo tatu. Mimi ndiye niliyemwambia akwangue. Aliniomba tuangalie mashine, nikamfokea."

Mzee Machogu alikaa chini. Alinitazama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. "Mama Duke. Wewe?"

"Mimi."

"Lodi hukuikaza?"

"Sikuikaza. Nilikuwa nakimbilia Sabato."

Mzee wetu ni mtu wa kanisa. Sabato hakuigusa. Akasema, kwa sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko kelele, "Ulijua saa ngapi?"

Hapo ndipo nilipotamani ardhi ifunguke. Ningeweza kusema nimejua sasa hivi. "Saa nane," nikasema. "Mzee, nilijua tangu saa nane."

Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo. Hakuniuliza kwa nini nilinyamaza mpaka kijana ameshika kalamu. Alinyoosha mkono tu, kiganja juu, na nikaelewa. Nikatoa muhuri mfukoni mwa aproni nikamwekea kiganjani. Akaichana ile barua pamoja na bahasha yake, akamwambia injinia waende ofisini wazungumze habari ya kuchonga tisa nyingine. Akiwa mlangoni akageuka. "Jumapili Lewis atakaa kwenye mashine. Wewe utakaa kwenye meza ya kuchonga. Atakachokataa yeye, utakirudia." Wakaenda.

Tukabaki wawili. Kalamu bado alikuwa ameishika.

"Madam," akasema, "lakini hizi tisa nimeziharibu mimi."

"Ni mimi niliyekuambia, Lewis."

"Najua. Lakini wakati naweka tupa nilijua ziko sawa. Mkono ulikuwa unajua." Alikuwa haniangalii, anaangalia ile shaba. "Nikafikiri, kama Madam amesema hivyo, basi mimi ndiye sijui kazi. Siku nne hizi nimelala nikijua kwamba sijui kazi. Jana usiku nimempigia mama simu, nimemwambia auze ng'ombe anitafutie shamba la kulima, hii kazi si yangu. Alilia, Madam."

Machozi yakaja, na sikuyafuta. Nilikuwa nimeshawahi kusema pole kazini, na nilikuwa nimewahi kusema haidhuru, lakini lile neno lenyewe sikuwahi kumwambia fundi yeyote.

"Lewis, nimekukosea. Nisamehe."

Akaweka kalamu mezani. Akavaa mkoba wake begani, akafunga kifungo cha juu cha lile shati.

"Nimesikia, Madam," akasema.

Akatoka, nikamsikia barazani anampigia mama yake kwa Kigusii, anamwambia asiuze ng'ombe, asitafute shamba, na mama anamuuliza mara mbili, mara tatu, kama ana hakika.